Mpaka Zamu Yetu Ifike

Hiki ninachokusimulia hutakiamini, na sikulaumu. Lakini sijaongeza chumvi hata punje. Kilitokea mchana kweupe, siku ya Jumanne, kipindi cha tatu, chumba namba nne, mbele ya wanafunzi kumi na sita na mtu mzima mmoja mwenye akili zake timamu. Daftari la mahudhurio lipo. Ukitaka kulishika, lishike.

Saa nne na dakika kumi asubuhi mtafiti aliingia chumba namba nne na boksi lenye kadi za manila, kalamu nne za wino mzito na mkasi uliolegea. Akafuta ubao. Vumbi la chaki likamwingia puani, akapiga chafya mara mbili, wanafunzi wakamwambia "afya" mara mbili, somo likaanza.

Wanafunzi walimwita Dada Dodoso, maana tangu afike shuleni hapo kila akiingia darasani anagawa madodoso, yale makaratasi ya maswali. Umelifurahia somo la leo? Sana, kiasi, au hapana? Alikuwa anasoma chuo kikuu, mwaka wa tatu anahangaika na utafiti mmoja, na swali lake lilikuwa hili: mtoto anaielewa programu ya kompyuta vizuri zaidi akiiona kwa macho, au akiicheza kwa mwili wake mwenyewe?

Ndiyo maana aliligawa darasa. Siku ya kwanza wanafunzi thelathini na wawili walichota vikaratasi kwenye ndoo. Kumi na sita wakatoka na herufi M, wakapelekwa chumba namba tano, kwenye miwani. Usifikirie miwani ya kusomea. Hii ilikuwa mikubwa, inafunika uso kuanzia paji mpaka mashavuni, na ukiivaa unajikuta umesimama ndani ya programu kama vile umesimama ndani ya nyumba. Unapita kwenye korido zake, unafungua milango yake, unaona namba zinapaa juu ya kichwa chako. Mradi ulileta miwani kumi na sita. Hapakuwa na ya kumi na saba.

Waliotoka na herufi K walibaki chumba namba nne na kadi. Wao ndio walikuwa kompyuta. Huyu anashika amri, yule anashika namba, mwingine anatembea toka dawati hadi dawati kutekeleza yaliyoandikwa. Na muda wote huo, nyuma ya ukuta, wanasikia wenzao wa miwani wanapiga kelele: "Loo! Hebu geuka uone!"

Kundi la kadi lilivumilia kelele hizo kwa sababu moja tu. Kwenye fomu ya ridhaa, ile ambayo kila mzazi alisaini, kipengele cha sita kilisema: baada ya wiki nane makundi yatabadilishana. Wa kadi watavaa miwani kwa wiki nane, wa miwani watashika kadi. Aliyekijua kipengele hicho kwa moyo, mpaka nukta yake, ni msichana wa miaka kumi na nne aliyekaa dawati la mbele. Walimwita Wakili. Alikuwa anabishana na kila kitu, hata na kengele.

Somo la Jumanne hiyo, wiki ya tatu, lilikuwa kurudia. Dada Dodoso alieleza kwamba kompyuta ukiiambia irudie jambo, italirudia bila kuchoka wala kununa, na kwamba lazima uiambie na pa kuachia. Darasa likapiga makofi mara tano. Likaruka mara tatu. Wakili akanyoosha mkono.

"Dada, hiyo ya kuhesabu tumeielewa. Na ile isiyohesabu?"

"Ipi hiyo?"

"Ile inayosubiri kitu kitokee ndiyo iache."

"Hiyo ni ya wiki ijayo," alisema Dada Dodoso, lakini moyoni alifurahi. "Haya, mwenye haraka, njoo uandike."

Wakili akaandika kwenye kadi, kwa herufi kubwa: ZUNGUKA DARASA MARA MOJA. ULIZA: ZAMU YETU YA MIWANI IMEFIKA? KAMA BADO, RUDIA. KAMA IMEFIKA, SIMAMA.

Dada Dodoso aliisoma, akacheka, akatia vema kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika "Safi sana."

Hapo ndipo alipokosea. Miaka yote aliyofundisha programu alikuwa akiwaambia wanafunzi jambo lilelile: ukiandika kitu cha kurudia, tazama ndani yake, utafute kile kitakachokifanya kiishe. Usipokiona, hakitaisha. Ndani ya kadi ya Wakili hakikuwemo. Mtu angezunguka darasa mara elfu na kuzunguka kwake kusingesogeza miwani hata unywele. Kadi hiyo ingeletwa na mwanafunzi wa chuo, angeipiga mkasi. Lakini ililetwa na Wakili, na ilikuwa nzuri, na wiki ya nane haikuwa mbali. Akatia vema.

Sharti, yaani yule wa kuulizwa, akawekwa kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa msichana anayeshiriki dawati na Wakili, jina lake la utani Kimya, kwa sababu alikuwa anaweza kumaliza wiki kwa maneno sita. Akapewa kadi aishike.

Wakili akaanza kutembea. Akapita ubao, akapita dirisha la kwanza, la pili, akakata kona penye kabati la vitabu, akarudi mlangoni. Hatua thelathini na nane.

"Zamu yetu imefika?"

"Bado," alisema Kimya.

Wakili akarudia. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka mbio. Yeye akapita ubao.

"Wakili, mapumziko," alisema Dada Dodoso.

"Nimesikia, Dada."

"Basi toka. Tumeshaelewa."

"Hata mimi nimeelewa," alisema Wakili, akikata kona ya kabati. "Tatizo ni kwamba miguu nayo imeelewa."

Akafika mlangoni, akauliza, akajibiwa. Dada Dodoso alitazama saa yake, akafungua fomu ya uchunguzi darasani, akatafuta mshiriki namba ishirini na tatu. Palikuwa na visanduku vitatu: amekaa, amesimama, hayupo. Alifikiri kidogo, akatia alama kwenye "amesimama."

Kufika saa tisa alasiri Wakili alikuwa bado anazunguka, na jasho halikumtoka. Kimya aliweza kwenda nyumbani, kwa kuwa sharti ni swali, na swali halifungwi miguu. Aliitundika kadi kwenye msumari wa mlango. Wakili alipopita akauliza, kadi ikajibu "Bado" kwa sauti ya Kimya, ila imekwaruza kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Mlinzi alikuwepo. Aliacha taa ikiwaka ili mtoto asijikwae, akaenda zake getini.

Najua unachotaka kuuliza. Choo. Programu inaweza kukatizwa kwa dharura ikaendelea pale pale ilipoishia, kila anayejua kompyuta anajua hivyo. Wakili alikuwa akienda na kurudi, na akirudi anakanyaga kigae kilekile alichokiacha.

Mama yake alikuja kesho yake asubuhi na chupa ya chai. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote.

"Wewe ndiye Dodoso?"

"Ndiyo mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kamwambia mwanangu azunguke?"

"Aliandika mwenyewe. Mimi nikamtilia vema."

"Basi mtilie kosa."

Dada Dodoso alichukua kadi, akakata vema kwa mstari mwekundu, akaandika kosa kubwa. Wakili akapita ubao, akapita dirisha la kwanza.

"Mama, kalamu haimo kwenye programu," alisema akiwa karibu na kabati.

Mama akavuta pumzi. Akafungua mkoba, akatoa kitana na mafuta, akaanza kumsuka mwanawe huku anatembea kinyumenyume mbele yake. Akagonga dawati mara mbili tu. Nywele zilipokwisha akamnywesha chai, akampima mabega kwa futi, akaandika namba kwenye kiganja.

"Viatu vitakuishia kabla ya Jumatatu," alisema. "Nitakushonea soli za turubai."

Kuanzia hapo alikuwa anakuja kila asubuhi kabla hajafungua kibanda chake.

Shule ikazoea. Mwalimu wa jiografia, ambaye naye alikitumia chumba namba nne, aliweka taa juu ya dawati la katikati na kumfanya Wakili dunia. Ndiyo mara ya kwanza darasa zima lilielewa mwaka ni nini. Mwalimu mkuu alifanya kikao humo na wazazi. Kwa kuwa Wakili alikuwa mtoto mwenye adabu, kila alipompita alimwamkia, na mwalimu mkuu aliitikia "marahaba" mara thelathini na moja kabla ya kumwambia kwamba shikamoo ya asubuhi inatosha kwa siku nzima. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa "yupo" kila siku. Hapakuwa na mwanafunzi aliyekuwepo kama yeye.

Wenzake wa miwani walikuwa wakija dirishani wakati wa mapumziko.

"Wakili, umefika wapi?"

"Nilipoanzia."

"Sisi kwenye miwani tumeona hiyo ya kurudia! Ni korido ya duara. Ukichoka unabonyeza kitufe chekundu kushoto, unatoka."

"Na hicho kitufe nani kakiweka?"

Wakatazamana. "Kipo tu," alisema mmoja.

Dada Dodoso aliyasikia hayo, akatoa simu yake akayaandika haraka haraka. Miaka mitatu alikuwa anatafuta sentensi kama hiyo. Wenye miwani walijua kutoka, lakini hawakujua kwamba mlango wa kutokea huwa unajengwa, na unajengwa na anayeandika. Wenye kadi walijua, maana mmoja wao alikuwa anazunguka mbele ya macho yao kwa kukosa mlango. Alipowapa mtihani mdogo wiki ya sita, kundi la kadi halikukosa hata swali moja kuhusu kurudia. Hata Kimya. Alijibu kwa neno moja moja, na kila neno lilikuwa sahihi.

"Wiki mbili zimebaki," Dada Dodoso alimwambia Wakili jioni hiyo, akitembea kando yake. "Miwani ikija, utasimama."

"Najua, Dada. Nimeshachagua nitakapokaa. Pale, chini ya dirisha la pili."

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, gari jeupe likaingia shuleni. Akashuka msimamizi wa mradi, mtu wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, ambaye walimu walimwita Bwana Mradi. Nyuma yake wakashuka wabeba mizigo wawili wenye maboksi matupu. Walienda moja kwa moja chumba namba tano, wakawavua watoto miwani, wakaanza kuipanga ndani ya maboksi.

Dada Dodoso alimkuta kwenye korido. "Bwana, zamu ya kundi la pili inaanza wiki ya tisa."

"Takwimu zimetosha, dada yangu. Jumatatu miwani inazinduliwa kwenye shule nyingine. Kadi za mwaliko zimeshatoka."

"Wazazi walisaini kipengele cha sita."

"Na ndicho kilichonileta." Akafungua faili, akamwonyesha ripoti iliyokwisha kupigwa chapa. Ukurasa wa tatu palikuwa na mstari: Makundi yalibadilishana kama yalivyoahidiwa. Ndiyo. Hapana. "Hapa tunaweka ndiyo. Tukiweka hapana, kamati ya maadili inaufuta utafiti wote. Wangu, wako, wa kila mtu. Umebakiza nini, sura moja umalize shahada? Saini hapa chini."

"Hawajabadilishana."

"Kwani nani atauliza?"

Kutoka chumba namba nne ikasikika sauti ya Wakili: "Zamu yetu imefika?" Na ya Kimya: "Bado."

Bwana Mradi akaingia kuangalia. Alimtazama Wakili akizunguka mara mbili nzima, akawatazama wanafunzi waliokuwa wanakunja miguu chini ya madawati ili apite, akautazama mfereji uliochimbika kwenye sakafu, kina cha kidole.

"Kwa nini mtoto huyu hajakaa?"

"Anasubiri zamu," alisema mwalimu mkuu, ambaye alikuwa ameshafika, na mama wa Wakili nyuma yake na chupa ya chai.

"Wiki ngapi?"

"Ya tano sasa."

Bwana Mradi akaita wabeba mizigo. "Mnyanyueni mumkalishe kwenye kiti."

Wakamshika Wakili mmoja huku mmoja huku, wakamwinua. Miguu yake ikaendelea kwenda hewani. Halafu chumba ndicho kikaanza kuzunguka. Ubao ukapita, dirisha la kwanza likapita, la pili likapita, kabati la vitabu likakata kona. Wanafunzi wakashika madawati yao. Daftari la mtu likaanguka.

"Mshusheni," alisema mwalimu mkuu, ambaye alianza kujisikia kichefuchefu.

Wakamshusha, chumba kikatulia, Wakili akaendelea kutoka kigae kilekile. Mlango tu ndio ulichelewa kidogo kurudi mahali pake, na mpaka leo haufungiki vizuri.

Bwana Mradi akajifuta paji la uso. Hakuwa mjinga. Aliisoma ile kadi mstari kwa mstari, kisha akatoa miwani moja kwenye boksi. "Kumbe rahisi tu. Tumvalishe dakika moja. Zamu imefika."

"Zamu yetu," alisema Wakili akipita. "Yetu tuko kumi na sita. Wiki nane."

Bwana Mradi akaisoma kadi tena. Kweli palikuwa pameandikwa "yetu." Akairudisha miwani ndani ya boksi, akapiga utepe wa gundi. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Kimya, akalainisha sauti.

"Binti, yeye anakuuliza wewe, sivyo?"

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

"Ukimjibu 'imefika,' atasimama?"

Kimya akakubali tena.

"Sasa si umjibu? Neno moja. Mwenzako apumzike."

"Mwanangu," alisema mwalimu mkuu, "neno moja tu. Hata mimi nitashukuru. Sakafu ile itatumaliza."

Kimya akamtazama mama wa Wakili. Watu wote wakamtazama mama wa Wakili. Alikuwa ameishika chupa ya chai kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu hajakaa chini wiki tano," alisema mama. "Nampima kila asubuhi. Mashavu ya miguu yake yamekuwa magumu kama rula. Usingizi analala anatembea, mdomo wazi. Mimi ni mama. Unafikiri mimi sitaki akae?"

Wakili alikuwa anakuja, usawa wa dirisha la kwanza. "Mama, nikisimama wataandika ndiyo."

"Nimesikia."

"Wataandika ndiyo, na mimi ndiye nitakuwa ushahidi. Watasema, mbona hata Wakili kasimama."

"Nimesema nimesikia, mbishi wewe. Kunywa chai." Akamnywesha wakitembea pamoja mpaka kona ya kabati. Hapo akasimama, akafungua mkoba, akatoa nakala yake ya fomu, iliyokunjwa nne na kutobolewatobolewa na sindano kwa sababu ilikaa droo ya cherehani. Akaiweka mapajani mwa Kimya.

"Mimi sikwambii neno, binti yangu," alisema. "Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti."

Bwana Mradi akamgeukia Dada Dodoso. "Wewe ni mwalimu wake. Ongea naye. Na ukumbuke saini yako."

Dada Dodoso aliwaza shahada yake. Aliwaza chumba chake cha kupanga chenye madodoso mpaka chini ya kitanda. Kisha akachuchumaa mbele ya Kimya, kama alivyokuwa akichuchumaa kila Jumanne mwanafunzi akikwama.

"Kazi ya sharti ni ipi?" aliuliza.

Kimya akafikiri. "Kuangalia," alisema. Akafikiri tena. "Halafu kusema kilichopo."

"Basi fanya kazi yako."

Wakili akapita dirisha la pili. Akakata kona. Akafika.

"Zamu yetu imefika?"

Kimya akachungulia nje ya mlango. Wabeba mizigo walikuwa wanaingiza boksi la mwisho kwenye gari jeupe.

"Bado," alisema, na ilikuwa ndiyo sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa maishani.

Wakili akarudia.

Gari likaondoka. Dada Dodoso hakusaini. Ripoti ikatoka mwezi uliofuata na saini ya mtu mwingine, ina picha za rangi, na ukurasa wa tatu umeandikwa ndiyo. Mshiriki namba ishirini na tatu hayumo, mahali pake pameandikwa "alijitoa." Kule kwenye shule ya uzinduzi watoto walichota vikaratasi kwenye ndoo nyingine, na wapo kumi na sita wengine waliobaki na kadi, na fomu yao ina kipengele cha sita.

Dada Dodoso ameandika barua kumi na moja kwa kamati ya maadili. Amejibiwa kumi na moja. Majibu yote ni neno moja: Imepokelewa. Anaandika ya kumi na mbili. Kila Jumanne anaenda chumba namba nne na boksi la kadi, bila mradi, bila madodoso, na wanafunzi wapya wamezoea kukunja miguu. Somo la kurudia anawafundisha kwa kumwonyesha Wakili kwa kidole. Wanaelewa siku hiyohiyo.

Sakafu imezibwa kwa saruji mara mbili. Wakili alifanya mtihani wa mwisho akizunguka, karatasi ameiweka kwenye ubao mdogo ambao mama yake aliushonea mikanda ya shingoni, na akafaulu. Amerefuka. Zamani darasa lilikuwa hatua thelathini na nane, sasa ni thelathini na nne. Kimya ameshahamia shule ya juu, lakini kila asubuhi anapitia, anakaa kwenye kile kiti, anajibu yeye mwenyewe kama nusu saa hivi, ili kadi ipumzishe koo.

Juzi mwalimu mkuu alimfuata hapo kitini. Alikuwa mpole kabisa. Alisema huko shule ya juu kuna chumba cha kompyuta, kipya, kina hata feni. Alisema nafasi ya Wakili ipo, imehifadhiwa, lakini inafungwa Ijumaa saa sita, na huko mtu anaingia kwa kukaa dawatini, hawapokei mtu anayezunguka chumba namba nne. Alisema ripoti imeshatoka, watu wameshapiga picha, hakuna kitakachobadilika. Neno moja tu, mwanangu. Halafu akatoka akawaacha.

Kimya alibaki na kadi mkononi. Ubaoni kulikuwa na hesabu za watu wengine. Wakili alikuwa anakuja kutoka dirisha la pili, soli za turubai zinasugua saruji, macho kwenye kiti. Hatua kumi na mbili. Hatua sita. Mdomo ameshaufungua kuuliza.

Hebu kaa wewe kwenye kiti hicho. Ungemjibu nini?